Mwanakondoo Aliyenukia Waridi

Juzi nilipanda lifti katika jengo moja la katikati ya mji. Mvua ya mchana ilikuwa imetoka kunyesha, ile ya Johannesburg inayokuja na mawe, kisha nusu saa baadaye jua linawaka kana kwamba umejimwagia maji mwenyewe. Ndani ya lifti alikuwamo mzee mmoja wa Kisotho, mlinzi, amejifunika blanketi lake la sufu linachuruzika. Mlango ulipojifunga, harufu ya sufu mbichi ikajaa mle ndani. Wenzangu walikunja nyuso. Mimi, rafiki yangu, niliivuta harufu ile mpaka nikapitiliza ghorofa niliyokuwa naiendea. Nilikuwa nimesharudi Troyeville, mtaa wa utotoni mwangu, nina miaka tisa, nimepiga magoti kwenye nyasi kavu, na mikononi nimeshika kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya, linatetemeka na kulia mee.

Nyumba yetu ilikuwa moja ya zile za zamani za paa la bati, zenye baraza mbele na ua mrefu nyuma. Uani kulikuwa na mti wa pichi, kamba za kuanikia nguo, na kondoo wanne wa bibi yangu. Usinicheke. Ndiyo, kondoo, tena mjini, hatua chache tu kutoka kwenye taa za barabarani ambazo huku sote tunaziita roboti. Bibi alikuja kutoka Tanga kumsaidia mama kulea, akaona Idd mbili za kondoo wa kununuliwa barabarani, akasema basi. "Simchinji mnyama nisiyejua amekula nini," alisema, na mwezi uliofuata baba akajikuta anashusha kondoo wa kwanza kwenye pikapu ya kuazima, huku majirani wamejaa ukutani kutazama. Walikuwa weupe wenye vichwa vyeusi, kama wanawake waliovaa ushungi wa kwendea msibani. Kila aliyeuliza kama inaruhusiwa kufuga mjini aliambiwa hawa ni wa Idd, wanangoja siku yao. Bibi alisema hivyo hata wiki moja baada ya Idd.

Kazi ya kondoo ilikuwa yangu. Asubuhi ya baridi nilivunja barafu kwenye beseni lao kwa kisigino cha kiatu. Jioni nikitoka madrasa nilifagia mavi yao, vile vidonge vidogo vyeusi vinavyoingia mpaka kwenye soksi, kisha nikapita kwa akina mama wauza mboga kuomba majani ya kabichi na maganda ya mahindi. Watoto wa mtaani walimwita bibi "Gogo wezimvu", bibi wa kondoo kwa Kizulu, naye akidhani ni jina la heshima aliitika kwa mkono wa kifalme. Kwa kweli lilikuwa la heshima, ila waliolitamka walikuwa wanacheka.

Leo naweza kukiri jambo ambalo wakati ule lingeniletea kandambili ya mgongo: bibi hakujua kondoo. Alizaliwa na kukulia mjini, karibu na soko, na ujuzi wake wa kondoo ulianzia sufuriani. Alijua kiungo gani kinataka tangawizi na kipi kinataka kulala kwenye ndimu. Kondoo mwenye pumzi alikuwa kwake mgeni kama alivyokuwa kwangu. Lakini moyo wake ulikuwa umeshawashika wale wanyama, na mwaka ule alipoazima dume kwa mzee mmoja aliyefuga kule Alexandra, kando ya mto, akapata mimba mmoja tu kati ya wale wanne, bibi alibadilika kabisa. Alimpelekea yule mjamzito maganda ya ndizi kwa siri ili wenzake wasione. Alimsemesha. Mdogo wangu alikuwa amezaliwa hospitalini nyuma ya milango ya vioo, na bibi hakuruhusiwa kuingia. Alikaa kwenye benchi la nje na chupa yake ya uji mpaka uji ukapoa. "Huyu atazaa mbele yangu," alituambia. "Huyu nitampokea kwa mikono yangu mwenyewe."

Basi hiyo siku ikafika, Jumamosi ya kipupwe kikali, na bibi hakuwapo. Baba na mama walikuwa Fordsburg dukani, wamemchukua na mdogo wangu. Bibi alikuwa na zamu ya kuchukua vidonge vyake vya presha kliniki, na foleni ya kliniki haimngoji mtu. Alijifunga kanga mbili juu ya koti, akanionya kwa kidole. "Kaa na mzazi huyu. Akianza kabla sijarudi, wewe tazama tu. Usimguse. Umesikia?" Nikasema nimesikia.

Nilikuwa nakula mkate wa siagi ya karanga wakati kondoo alipolala, akainuka, akalala tena, na kabla sijamaliza ganda la mkate kitu kikaanguka kwenye nyasi. Nilikisogelea. Kilikuwa chekundu. Si wekundu wa hapa na pale, rafiki yangu, ni chekundu kizima, kuanzia masikio mpaka kwato, wekundu wa kahawia unaong'aa kwa ute. Nilikuwa nangojea kitu cheupe chenye kichwa cheusi. Akilini mwangu hapakuwa na shaka: mtoto amezaliwa amelowa damu yote ya mama yake.

Na hapa ndipo elimu iliponiponza. Wiki ile ile mwalimu wa madrasa alikuwa ametufundisha najisi. Damu ni najisi, alisema akigonga meza, na najisi huoshwa mpaka viondoke vitu vitatu: rangi, harufu na ladha. Tuliimba kwa sauti, rangi, harufu na ladha, mpaka madirisha yakatikisika. Sehemu ya pili ya somo, kwamba rangi ikigoma baada ya kusuguliwa sana husamehewa, tulifundishwa wiki iliyofuata.

Nikaleta beseni. Nikaona sabuni ya kufulia haitoshi kwa damu nyingi namna ile, nikaingia chumbani kwa bibi, nikafungua sanduku, nikatoa sabuni ya waridi aliyoletewa kutoka Unguja, ile aliyoifunga kwenye kitambaa na ambayo hata yeye hakuitumia. Mama mtu alikuwa analia kwa sauti ya chini na kusogea amlambe mwanawe. Nikamfukuza, nikamfungia upande wa pili wa ua. Niliosha maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, maji ya bomba ya mwezi wa saba, kilele cha baridi ya huku. Ute ukatoka. Povu likatoka jeupe. Harufu ikaondoka kabisa. Ladha sikuthubutu kuijaribu. Lakini rangi ikabaki pale pale, na kila nilivyosugua ndivyo ilivyozidi kung'aa. Mpaka vidole vyangu vilipokufa ganzi ndipo niliposhtuka: haikuwa damu. Ndiyo ilikuwa rangi yake.

Nikamrudisha kwa mama yake, nikitarajia shukrani. Kondoo yule akamnusa mara moja, akapiga chafya, akamtandika kichwa. Mtoto akaanguka. Akainuka kwa miguu yake minne iliyokuwa haijajuana vizuri, akafuata maziwa, akatandikwa tena. Mara ya tatu hakuinuka.

Bibi akaingia na mfuko wake wa dawa. Alitupa mfuko chini. "Subhanallah, tazama rangi ya halua!" alisema, na uso wake wote ukafunguka kwa furaha, nami sijausahau uso ule mpaka leo. Kisha akaona jinsi mtoto alivyolala. "Kwani hakunyonya?"

"Mama yake hamtaki," nikasema.

"Hamtaki kwa nini?"

Nikainua mabega. Bibi akamtazama kondoo mweupe, akamtazama mtoto mwekundu, akapiga makofi kwa masikitiko. "Kwa rangi! Amemkataa kwa rangi yake! Jamani nchi hii, mpaka kondoo wake!"

Nami nikanyamaza. Beseni lilikuwa nyuma ya mti wa pichi, sabuni ilikuwa mfukoni mwangu, nikanyamaza. Bibi akamvika mtoto sweta langu la shule, akamsogeza kwenye hita ya mafuta ya taa pale mlangoni, akawa anamsugua na kumsomea. Mtoto alikuwa anatetemeka. Baadaye akaacha kutetemeka, na hilo lilinitisha zaidi. "Nenda kwa Mama Mapacha," bibi akasema bila kuinua macho. "Mwombe chupa ya kunyonyeshea. Mwambie mwanakondoo amezaliwa."

"Nimwambie ni bebi shipi?" nikauliza kwa Kiingereza chetu cha shuleni.

"Humu ndani hamna bebi shipi! Mwanakondoo. Sema."

"Mwanakondoo," nikasema, nikakimbia nalirudia neno lile njiani lisinidondoke.

Mama Mapacha alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Mkongo, msusi wa nywele, mama wa wale watoto wawili waliokuwa wananyonya kwa zamu. Kila Jumamosi gereji yake ilikuwa chumba cha sala cha wanawake wa kwao. Kwa kawaida nikifika huwa namwamkia shikamoo naye hunijibu "ee, asante", tunaelewana. Siku ile sikuamkia mtu. Nilisukuma mlango, wanawake sita saba wamefumba macho, nikasema kwa pumzi moja:

"Mwanakondoo amezaliwa!"

Sala ikakatika. "Amina!" akaitikia mmoja kule nyuma.

"Wapi?" akauliza Mama Mapacha, macho yamemtoka.

"Kwetu! Uani kwa bibi!"

"Kwa Waislamu?" mwingine akanong'ona.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia, na ukweli niliomficha bibi ukanitoka huko ovyo ovyo, kana kwamba bado naamini ni damu. "Na damu haitoki! Nimeosha, nimeosha, damu ya mwanakondoo haitoki!"

Hapo, rafiki yangu, ngoma ikapigwa. "Haleluya! Damu ya Mwana-Kondoo!" Wakasimama wote, mikono juu. Mimi sikuelewa wanafurahia nini. Nikapaza sauti kushinda ngoma. "Lakini mama yake amemkataa! Amempiga kichwa!"

Ngoma ikanyamaza. Hilo halikuwamo katika kitabu chao. Wakatazamana. Mama Mapacha akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. "Weye mutoto," akasema polepole, "unasemea kondoo ya kula majani?"

"Kondoo wa bibi," nikasema. "Yule mnene."

Kicheko kilichopasuka mle gerejini nadhani kilisikika mpaka mtaa wa pili, Bertrams. Mwanamke mmoja tu hakucheka. Alikuwa mama mshonaji, mkimya, mwembamba, aliyekaa karibu na mlango akiwa na sindano zimechomekwa kifuani kama kawaida yake. Alikwisha simama na kujifunga kitenge vizuri. Wengine walisikia neno mwanakondoo. Yeye alisikia neno nimeosha. Alikuwa amekulia milima ya Kivu, nyuma ya mifugo ya baba yake, na hayo tulikuja kuyajua baadaye. Tulipokuwa tunapita langoni aliniuliza kwa sauti ya chini, "Uliosha na sabuni?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Koko yako anajua?"

Koko ni bibi kwa lugha yao. Nikatikisa kichwa kukataa. Hakunisuta. "Utamwambia weye mwenyewe," akasema, akatangulia.

Bibi alikuwa bado amepiga magoti mlangoni. Alipowaona Mama Mapacha na mama mshonaji alianza kulalamika hata kabla ya salamu. "Tazameni wanangu, kakataliwa kwa rangi. Mnyama na ubaguzi!"

Mama mshonaji akamwinua mtoto, akamnusa kichwani, akamnusa mgongoni. "Kondoo haangaliake rangi, koko," akasema. "Iye ananusaka." Kisha akanyamaza. Hakunitazama, lakini alikuwa ananingoja, na nilijua kwamba kila pumzi niliyongoja mimi ilikuwa inapungua kwa yule mtoto. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa sabuni.

"Nilimwosha mimi, bibi. Nilidhani ni damu."

Bibi aliitazama ile sabuni yake, imebaki nusu. Akashusha pua kwenye shingo ya mwanakondoo. "Waridi," akasema. "Ndiyo maana nikawa nasikia harufu ya bibi harusi." Nikafumba macho kungojea kandambili. Haikuja. "Mficha uchi hazai," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kuchoka kuliko ya hasira. "Ungeniambia nilipoingia, tungekuwa tumeshafika mbali. Haya, kunja mikono ya gauni. Uliyemwosha utamchafua."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kondo la nyuma lilikuwa limeshatoka, liko kwenye nyasi, na mama mshonaji aliliokota kama anavyookota kitambaa. Akaagiza chumvi. Bibi na Mama Mapacha wakamkamata kondoo, mmoja pembeni huku mmoja pembeni kule, mmoja anasema Bismillahi na mwingine anasema kwa jina la Yesu. Mama mshonaji akakamua maziwa ya kwanza, yale mazito ya manjano ambayo bibi aliyaita dang'a, akamdondoshea mtoto mdomoni matone machache kwa chupa ya mapacha, mengine akamimina kwenye viganja vyangu. Nikampaka mtoto maziwa kichwani na chini ya mkia. Nikampaka ile damu na ute wa kondo, kila mahali nilipokuwa nimesugua asubuhi, mpaka waridi likapotea. Nilikuwa nalia na pua inavuja nami nampaka. Mwisho mama mshonaji akamnyunyizia chumvi mgongoni, akasema, "Sasa tumuache. Musiongee."

Tukanyamaza wanne. Upande wa pili wa ukuta vilitokeza vilemba vya wanawake wa gerejini, navyo vimenyamaza. Kondoo akasogea. Akanusa. Akarudi nyuma hatua moja, na bibi akanishika bega kwa nguvu mpaka likaniuma. Kisha akanusa tena, ulimi ukatoka, akaonja chumvi. Akaonja tena. Halafu ikatoka ile sauti ya chini aliyokuwa anaitoa asubuhi nilipomfukuza, ya kooni, mdomo umefungwa. Alimlamba mtoto mpaka mtoto akasimama, akayumba, akapotea kwenye mguu wa mbele, akapotea kwenye kwapa, na mwishowe akapata alichokuwa anakitafuta. Mkia ukaanza kutikisika. Ukutani wakapiga vigelegele, na bibi yangu, mwanamke asiyewahi kulia mbele ya watu, alikaa chini kwenye nyasi akalia.

Baadaye palikuwa na chai ya tangawizi na vitumbua vya haraka haraka, na wanawake wa gerejini wakaja na viazi vyao vya kukaanga, tukala pale pale uani tumezunguka hita. Bibi alisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa kweli uani pale hapakuwa na mwenyeji hata mmoja, labda kondoo. Mwanakondoo akaitwa Halua. Alikuwa jike, alikua mkubwa na mchokozi, akazaa miaka iliyofuata watoto weupe wenye vichwa vyeusi wasio na habari yoyote. Idd zilikuja zikapita na bibi hakuwahi kumtaja. Ua ulipouzwa, kondoo walikwenda kwenye shamba dogo nje ya mji kwa jamaa wa mama mshonaji.

Lakini ninachotaka kukuambia kilitokea jioni ya siku ile ile, baba aliporudi na kuuliza habari za yule mwekundu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango. "Mama yake alimkataa," bibi akamwambia. "Kwa rangi. Bahati majirani wakaja." Akaendelea kupakua wali. Miaka ilipita, na kila alipokuja mgeni bibi alisimulia kisa cha Halua aliyekataliwa kwa rangi, kwa mikono na sauti zote, na hakuna hata mara moja sabuni ilipoingia.

Mara ya mwisho alikisimulia siku ya harusi yangu, jikoni, wanawake wanakuna nazi, mama mkwe wangu amekaa kwenye kigoda. Mama Mapacha alikuwa ananisuka. Mama mshonaji alikuwa amepiga magoti anapunguza pindo la gauni langu. Mama mkwe, ambaye kwao wanafuga, akatia shaka. "Kondoo akatae mtoto kwa rangi? Mimi sijapata kusikia." Bibi akainamia nazi yake. Mama mshonaji akakata uzi kwa meno. "Ni kweli, mama," akasema. "Mimi nilikuwako. Ilikuwa rangi." Na Mama Mapacha, kichwa changu kikiwa mikononi mwake, akasema, "Kabisa."

Sasa ule ua umemwagwa saruji na mafundi wa magari wanapaka rangi milango. Mti wa pichi haupo. Mama Mapacha alihamia Durban na mapacha wake wenye ndevu, mama mshonaji alirudi kwao milimani, na bibi tulimzika miaka sita iliyopita. Watoto wangu wanasema bebi shipi, nami nawasahihisha, si kwa sauti kama yake. Wanapoomba kisa cha Halua nimekuwa nikiwasimulia kile cha bibi, cha rangi, kwa sababu ndicho kitamu. Lakini wale waliokuwa wananifichia wameondoka wote, na sioni vizuri niendelee kujificha nyuma yao. Kondoo yule hakuwa na ubaya wowote. Nilimwosha mtoto wake mimi.